Mshauri wa kodi asiyeuliza daftari

Mwaka wa kodi Uganda unafungwa Juni 30, na ritani ya mwisho, yaani fomu ya kueleza mapato ya mwaka huo, haitakiwi kupita Desemba 31. Hiyo ni miezi sita, lakini wenye maduka wengi husubiri wiki ya Krismasi ndipo wapange foleni kafe ya intaneti. Kijana wa kompyuta anauliza, "Uliuza kama ngapi?" Mteja anakisia, fomu inajazwa, kwaheri. Kwa maoni yangu hapo hujashauriwa chochote. Umechapiwa tu.

Chukua duka la saruji na misumari pale Busia, mauzo milioni 82 kwa mwaka. Mauzo, si faida. Wengi hujikwaa hapa hapa. Mfanyabiashara mdogo, mwenye mauzo kati ya milioni 10 na 150, hutozwa kwa viwango maalumu vilivyoanza Julai 2020. Asiye na kumbukumbu za hesabu, kwa mauzo hayo, hulipa 900,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 360,000, kisha asilimia 0.7 ya kilichozidi milioni 80, yaani 14,000. Jumla 374,000. Shilingi 526,000 zimebaki dukani kwa sababu ya daftari.

Na daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Tarehe, bidhaa, idadi, bei, taslimu au simu. Liandikwe kila jioni kabla ya kufunga mlango. Manunuzi yawe na kurasa zake, risiti zibanwe mwezi kwa mwezi. Anayeandika mwaka mzima kwa usiku mmoja hujulikana: wino mmoja, mwandiko haubadiliki, na kila siku imeishia na masifuri matatu.

Kinachowaponza zaidi siku hizi ni laini ya simu. Hela za mauzo, mchango wa harusi, mkopo wa SACCO na pango la vyumba vya nyuma vyote vinaingia namba moja. Mkaguzi akiitazama taarifa ya laini hiyo, kila kilichoingia kinafanana na mauzo. Tuseme duka limeuza milioni 78, na wapangaji wamelipa 300,000 kila mwezi, yaani 3,600,000. Ukivijumlisha umevuka milioni 80, na kwa asiye na kumbukumbu kodi inaruka kutoka 400,000 hadi 900,000. Kumbe pango la mtu binafsi lina hesabu yake: toa 2,820,000 za mwaka, kinachobaki kitozwe asilimia 12. Hapa ni 93,600 tu. Laini ya pili kwa ajili ya duka peke yake ni dawa rahisi kuliko mabishano ya baadaye.

Daktari, wakili, mhandisi, mhasibu na mkandarasi wa ujenzi wasijipime kwa viwango hivi. Sheria imewatoa humo, hata kama mauzo yao ni madogo.

Kwa hiyo mtafute mshauri mwezi wa Julai, mwaka unapoanza, wakati bado kuna cha kupanga. Akuombe daftari, taarifa ya simu na mkataba wa wapangaji kabla hajagusa kompyuta. Awe wakala aliyesajiliwa. Usimkabidhi hela ya kodi mkononi: akutolee namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, yaani PRN, ulipe mwenyewe benki au kwa simu.

Halafu kagua jambo moja ambalo wengi hawalitazami kabisa: TIN yako, yaani namba ya mlipa kodi, imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Mara nyingi ni ya yule kijana wa kafe, na neno la siri analo yeye. URA ikikukadiria kodi usiyokubaliana nayo, una siku 45 za kuweka pingamizi tangu upokee notisi. Notisi inatumwa kwenye barua pepe ile. Kijana alishahamia Kampala, siku zinakatika, na wewe uko dukani unapima misumari.