Chama kikinunua ardhi ya kuishi pamoja, hati iandikwe jina la nani?

Watu 12 wakichanga hela wanunue ekari moja Kitengela au Juja, karibu na Nairobi nchini Kenya, wajenge na kuishi pamoja, njia mbaya kuliko zote ndiyo wanayoikimbilia kwanza: hati miliki kuandikwa majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kama hati haisemi kwamba hao watatu ni wadhamini tu, yaani wanaishika kwa niaba ya wenzao, msajili wa ardhi hawajui wale tisa wengine. Mwenyekiti akifa, fungu lake linaingia kwenye mirathi, na watoto wake hawana habari na chama. Kitabu cha mahudhurio na jumbe za M-Pesa zinabaki kuwa ushahidi wa kesi.

Wengi hujibu kwamba basi waandikwe wote 12. Hoja hiyo ina nguvu: kila mtu analiona jina lake, na chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 fungu lake huwaendea warithi wake. Hawezi pia kumuuzia mgeni bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya msingi. Lakini hati isipotaja mafungu, sheria huchukulia kwamba yako sawa, hata kama mmoja alitoa shilingi 800,000 na mwingine 200,000. Halafu kuna sahihi. Mkopo wa kujenga unahitaji zote 12, na mmoja yuko Qatar, mwingine amefariki na mirathi yake bado iko kortini. Mmoja akichoka, anaweza kuiomba mahakama igawe ardhi, na isipogawika, iuzwe.

Wanaopendelea ushirika au kampuni wanasema kifo hakigusi hati, hisa tu ndizo zinazohama. Ni kweli. Ushirika unahitaji watu wasiopungua 10. Kila mtu ana kura moja, na hakuna anayeruhusiwa kushika zaidi ya moja ya tano ya hisa. Kampuni binafsi huchukua wanachama hadi 50, lakini kwa kawaida kura hufuata hisa, kwa hiyo mwenye pesa anaweza kuwameza wenzake taratibu.

Gharama ya ushirika au kampuni huonekana baadaye. Mwanachama hana hati ya kupeleka benki, na shirika likishindwa kulipa deni, mdai anaweza kufuata ardhi yenye nyumba za wote. Kampuni isiyowasilisha taarifa zake za kila mwaka inaweza kufutwa, na mali ya kampuni iliyovunjwa huenda kwa Serikali. Na wakiamua baadaye kugawana viwanja, kwa kawaida ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, hulipwa mara ya pili: asilimia 4 mjini, 2 mashambani.

Kwa maoni yetu, wanaojenga fleti wasiishie kwenye hati ya majina yote 12, wala kwenye ushirika au kampuni. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 humpa kila mmoja hati ya nyumba yake, huku ngazi, maji na maegesho vikisimamiwa na shirika la wamiliki wote. Kinachotakiwa ni ramani ya mpima ardhi aliyesajiliwa na, kwa ardhi ya kukodi, muda uliobaki usiopungua miaka 21. Ushirika tunauachia wanaokusudia kweli kubaki na ardhi moja bila kugawana.

Njia yoyote ile, ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Kubadilisha matumizi yake kuwa makazi ni ombi jingine, la kaunti. Na kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia haihesabiwi kuwa ya Wakenya, jambo ambalo vyama vyenye wanachama ughaibuni hulisahau: aliyeukana uraia wake anatosha kukwamisha ununuzi wa shamba.

Kabla ya kulipa amana, wakili aandike kipengele cha kutoka: bei ya fungu la anayeondoka ipangwe na mthamini aliyesajiliwa, wenzake wapewe siku 60 za kununua kwanza, naye alipwe ndani ya miezi 12.