Bendi ikishaaga, ina haki ya kurudi jukwaani?

Tarehe 4 Februari 2017 bendi ya roki ya Black Sabbath ilimaliza ziara yake ya kuaga nyumbani kwao Birmingham, Uingereza. Ziara yenyewe waliiita The End, yaani ndiyo basi tena. Ilikuwa imeanza Januari 2016 huko Omaha, Marekani, ikachukua maonyesho 81. Watu walitoka ukumbini wakifuta machozi. Miaka minane ikapita, na tarehe 5 Julai 2025 bendi ile ile ikapanda jukwaani katika jiji lile lile, safari hii kwenye uwanja wa Villa Park, na watu wakalia upya. Siku 17 baadaye mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki dunia akiwa na miaka 76.

Je, aliyelipa kiingilio mwaka 2017 alidanganywa? Mashabiki wa roki wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu ziara za kuaga zimekuwa nyingi na marejeo nayo yamekuwa mengi. Mimi naona pande zote mbili zina hoja nzito, lakini hazilingani uzito.

Tuanze na wanaolalamika. Tiketi ya onyesho la kuaga hainunuliwi kama tiketi nyingine. Shabiki ambaye mwaka wa kawaida angesema "nitawaona wakija tena" hapa hana hiari hiyo. Atavunja akiba, ataomba ruhusa kazini, atasafiri hadi mji asioujua na kulipia chumba cha hoteli siku ambayo vyumba vyote vimepanda bei. Walanguzi wa tiketi wanalijua hilo, na waandaaji nao wanalijua. Kinachouzwa pale ni uhakika kwamba nafasi hii haitajirudia. Uhakika huo ukija kuwa si kweli, mnunuzi ana kila sababu ya kuhisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mötley Crüe. Januari 2014 waliita waandishi wa habari na kusaini mbele yao mkataba wa kisheria kwamba baada ya mwisho wa 2015 hawatafanya ziara tena. Onyesho la kufunga lilifanyika Los Angeles usiku wa tarehe 31 Desemba 2015. Novemba 2019 wakatoa video inayoonyesha mkataba huo ukilipuliwa, na mwaka 2022 walikuwa wakizunguka viwanja vikubwa vya Marekani. Hapo sina la kuwatetea. Kubadili mawazo ni haki ya kila mtu. Lakini ule mkataba ulikuwa chombo cha kuuzia tiketi: uliwekwa mbele ya kamera ili mwenye shaka aondoe shaka na atoe pesa. Kisha kuvunjwa kwake nako kukafanywa tangazo la biashara, kana kwamba walioamini walikuwa sehemu ya mchezo.

Kiss hawakusaini mkataba, ila mwaka 2000 walianza ziara waliyoiita ya kuaga, na baadaye wakaendelea kana kwamba hakuna aliyeaga. Ya pili ilianza 2019, ikakatizwa na janga la korona, na ikaisha tarehe 2 Desemba 2023 kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Usiku ule ule, watu wakiwa bado hawajatoka, skrini zikaonyesha maumbo ya kidijitali ya wanamuziki wale yatakayoendelea kutumbuiza kwa niaba yao. Aliyekwenda kuaga akaonyeshwa bidhaa inayofuata kabla hajafika mlangoni.

Ozzy mwenyewe hakuwa msafi katika hili. Mwaka 1992 alitangaza kwamba hatafanya ziara tena, na 1995 akarudi barabarani. Ila kwake kulikuwa na sababu: alikuwa ameambiwa ana ugonjwa mbaya wa neva, na ikaja kubainika kwamba hakuwa nao.

Upande wa pili nao unastahili kusikilizwa kwa makini, maana wanaousema si waandaaji peke yao, wamo na mashabiki waliolia machozi ya kweli. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kuaga si jambo ambalo mwanamuziki analimudu vizuri kuliko binadamu mwingine. Mtu aliyesimama mbele ya umati tangu ujana wake hajui atakavyoishi bila umati huo mpaka aukose. Tazameni Slayer. Tarehe 30 Novemba 2019, baada ya wimbo wa mwisho, mwimbaji wao Tom Araya alisimama ukingoni mwa jukwaa kwa muda mrefu bila kusema neno, akiwaangalia watu tu, kisha ndipo akawashukuru. Sura ile haikuwa ya mtu anayeigiza. Mwaka 2024 Slayer walirudi. Kurudi kwao kunaufanya uso ule kuwa wa uongo? Sidhani. Jioni ile aliamini alichokuwa anakifanya, na waliokuwepo hawakunyang'anywa kitu walichokipata.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: kifo hakitoi taarifa. Agosti 9, 1986, Queen walipiga Knebworth, Uingereza, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa zaidi ya watu 120,000. Mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, aliondoka jukwaani na hakuna aliyejua kwamba hataonekana tena na bendi ile katika onyesho kama lile. Novemba 1991 akafariki. Mashabiki wa Queen hawakupewa ziara ya kuaga, wala nafasi ya kuimba naye wakijua ndiyo mara ya mwisho. Waulizeni kama wangelalamika kuagwa mara mbili.

Na hapo ndipo ninaporudi Birmingham, kwa sababu Black Sabbath wanazipima hoja zote mbili kwa pamoja.

Watu wengi husahau kwamba kuaga kwa 2017 kulikuwa na pengo. Bendi hii iliundwa mwaka 1968 na vijana wanne wa mtaa wa Aston: Ozzy, mpiga gitaa Tony Iommi, mpiga besi Geezer Butler na mpiga drams Bill Ward. Walikuwa watoto wa familia za wafanyakazi wa viwandani. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vikofia vya plastiki vya kuvaa vidoleni na baadaye akalegeza nyuzi ili ziwe rahisi kubonyeza. Katika ule mlio mzito uliotokana na hayo ndimo muziki wa metal, yaani roki nzito, ulipozaliwa. Lakini kwenye The End walikuwa watatu tu. Ward alikuwa amejitoa mwaka 2012, akisema mkataba aliopewa hausainiki. Kwa hiyo mashabiki wa 2017 waliaga robo tatu ya bendi, na wengi wao walilisema hilo wazi wakati ule ule.

Villa Park iko Aston, mtaa ule ule walikokulia. Wanne hao hawakuwa wamepiga pamoja kwa takriban miaka ishirini. Onyesho lilikuwa moja, la siku moja, na mapato yalielekezwa kwa taasisi inayotafuta tiba ya Parkinson (ugonjwa unaotetemesha na kukaza mwili), hospitali ya watoto ya Birmingham na kituo cha Acorns kinachouguza watoto wenye maradhi yasiyopona. Ward, mwenye miaka 77, alivua shati na kupiga drams kifua wazi kama alivyofanya ujanani. Ozzy, ambaye Parkinson na upasuaji wa uti wa mgongo vilikuwa vimemnyima nguvu za miguu, alipandishwa kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Aliimba akiwa amekaa. Mara kadhaa alionekana akishika mikono ya kiti akijaribu kuinuka, umati ukipaza sauti kumsaidia pale ambapo mwili ulikataa. Aliwaambia kwamba kwa miaka sita alikuwa chini kwa maradhi na kwamba hawawezi kujua anavyojisikia.

Baada ya wimbo wa mwisho, Iommi alimpa mkono na Butler akamkabidhi keki. Basi. Hawakukumbatiana wala kuinama pamoja mbele ya watu kama ilivyokuwa desturi yao, na Butler aliandika baadaye kwamba hawakuwa wamelifikiria jambo hilo, na kwamba ilikuwa ajabu kumaliza safari yao namna ile. Watu waliojaza uwanja na kuvuta bendi kubwa kama Metallica na Guns N' Roses kuja kuwaheshimu walisahau kupanga namna ya kuagana wao kwa wao. Kwangu ushahidi huo unatosha kwamba siku ile haikutengenezwa na watu wa masoko.

Kwa hiyo nasema hivi: Black Sabbath walivunja ahadi ya 2017, na walifanya vyema kuivunja. Walirudi kuziba pengo walilokuwa wameliacha. Mötley Crüe hawakuwa na pengo la kuziba. Waliosaini 2014 ndio waliorudi, na walirudi kwa ziara ya biashara. Tofauti hiyo shabiki anaiona bila kuelezwa na mtu.

Lakini iko njia iliyo bora kuliko zote mbili, nayo Rush wa Kanada waliionyesha. Ziara yao ya 2015 hawakuitangaza kuwa ya kuaga. Walisema tu kwamba huenda ikawa ziara kubwa ya mwisho, kwa kuwa mwili wa mpiga drams Neil Peart ulikuwa umechoka. Usiku wa Agosti 1 huko Los Angeles, Peart, ambaye katika miaka yake yote hakuwa na mazoea ya kuja mbele, alitoka nyuma ya drams zake na kuwakumbatia wenzake wawili. Waliokuwepo walielewa bila kutangaziwa. Alifariki Januari 2020 kwa saratani ya ubongo. Oktoba 2025 wenzake hao, Geddy Lee na Alex Lifeson, walipotangaza ziara ya 2026 wakiwa na Mjerumani Anika Nilles kwenye drams, yupo aliyehuzunika na yupo aliyeshangilia, lakini hakuna aliyeweza kusema alitozwa pesa kwa ahadi ya uongo.

Bendi inayotaka kuaga iseme inachokijua: afya haituruhusu safari ndefu, au mwenzetu amechoka. Na ile iliyokwisha kuuza tiketi za "mara ya mwisho" kisha ikaamua kurudi ina deni. Tiketi nyingi siku hizi zinauzwa mtandaoni, na majina ya wanunuzi yamo kwenye kumbukumbu za wauzaji. Si vigumu kuwapa watu hao nafasi ya kununua kwanza, kwa bei ile ile waliyolipa zamani, kabla walanguzi hawajafika.