Vitabu vya Vita Visomwe Kuanzia Ghalani

Kwenye meza za vitabu vya mitumba pale Posta, Sun Tzu, Mchina wa kale aliyeandika kitabu cha mbinu za vita, hakosekani. Hupangwa katikati ya vitabu vya kutajirika haraka, na wanaomnunua humnukuu kwenye semina za ujasiriamali: mjue adui yako, vita ni hila, shinda bila kupigana. Sura ya pili hainukuliwi na mtu. Inaanza kama daftari la mhasibu: magari 1,000 mepesi ya farasi, mengine 1,000 mazito, askari 100,000, chakula cha kusafirishwa mbali, gundi na rangi za kukarabatia silaha, gharama za kukirimu wageni. Jumla ni vipande 1,000 vya fedha kwa siku kabla mshale haujarushwa. Anaongeza kwamba hakuna nchi iliyowahi kunufaika na vita vya muda mrefu. Hata sura ya mwisho, ile ya majasusi inayopendwa sana, inafunguliwa kwa kusema kwamba jeshi likitoka, shughuli za familia 700,000 zinavurugika.

Kwa maoni yangu, kitabu cha vita kinachoweza kumfundisha raia habari za serikali ni kile kinachomwonyesha chakula kilipita wapi, mshahara ulitoka kwa nani na amri ilikatikia mikononi mwa nani. Vilivyobaki ni ngano za mashujaa. Zina utamu wake, wala sizibezi, lakini msomaji hatoki humo akijua lolote jipya kuhusu anavyotawaliwa.

Sun Tzu ana kauli nyingine inayorukwa: shehena moja iliyotekwa kwa adui ni sawa na 20 zinazotoka nyumbani. Inasikika kama chumvi. Ipigie hesabu katika vita vya 1914 hadi 1918 vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa huku kwetu, ambako mbung'o waliua farasi na ng'ombe mpaka mzigo ukabaki kichwani mwa mtu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na posho yake ni kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5, atakula kilo 5 kwenda na 5 kurudi, atakabidhi 15. Kambi ikiwa siku 10, atakula 20 na kukabidhi 5. Ikiwa siku 13, mzigo wote unaishia tumboni mwake na bado atarudi na njaa. Sasa weka mbele askari 1,000 wanaokula kilo 1,000 kwa siku. Kwa umbali wa siku 5 lazima wapagazi 67 wawasili kila siku, maana yake kama 670 wawe njiani muda wote. Kwa umbali wa siku 10 wanatakiwa 200 kila siku, na njiani 4,000. Umbali umezidi mara mbili, watu wamezidi karibu mara sita. Na hapo risasi hazijahesabiwa, wala mahema, wala dawa. Hakuna aliyeugua, na Rufiji haijafurika.

Mambo yakiharibika, huharibika kwa mpangilio unaotabirika. Kamanda aliyebanwa hawezi kupunguza umbali, kwa hiyo anapunguza posho, na anaanza na ya mpagazi kwa kuwa askari ana bunduki na mpagazi hana. Unga wa mahindi unaopikwa haraka, kuni mbichi, mvua inanyesha, hauivi. Tumbo linachafuka, kisha kuhara damu, kisha malaria na nimonia zinamalizia. Waingereza walihesabu wapagazi wao waliokufa kuwa takriban 95,000, na wengi wao waliuawa na maradhi. Kambi ya kikosi chao hapa mjini ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja katika maandishi yake kama miguu na mikono ya jeshi, ingawa aliyepandishwa juu ya nguzo ni mwenye bunduki.

Mpagazi haokotwi porini. Anaandikishwa kupitia jumbe au mkuu wa eneo, kijiji kwa kijiji, kwa idadi iliyoamuliwa ofisini. Kwa hiyo orodha ya wapagazi ni hati ya utawala kabla ya kuwa hati ya kijeshi. Inaonyesha ni wapi neno la serikali lilifika, nani alitoa vijana wa jirani akaficha wa kwake, na ni vijiji gani vilikimbilia msituni. Mwanahistoria mwenye orodha ya namna hiyo ana mali kuliko mwenye ripoti tatu za mapigano.

Kuhusu kumbukumbu za makamanda, zisome huku umeshika kalamu. Anza na ramani. Angalia kipimo chake, geuza kilomita ziwe siku za mwendo, kisha jiulize kama tarehe alizoandika mwandishi zinawezekana kwa miguu ya binadamu aliyebeba mzigo. Halafu chagua amri moja tu uifuate: nani aliitoa, saa ngapi, kwa njia gani, ilimfikia nani, naye alifanya nini. Amri moja iliyofuatwa hivyo itakufundisha kuliko sura nzima ya moshi na baruti. Chunga sana sentensi zisizo na mtenda. "Iliamuliwa turudi nyuma." Na nani? Ukikutana na nyingi ukurasa mmoja, ujue kuna mtu anafichwa, na mara nyingi ni mwandishi mwenyewe. Ukimaliza, tafuta kilichoandikwa na upande wa pili, au na mtu wa upande ule ule aliyegombana naye.

Tanga, Novemba 1914, panafaa sana kwa zoezi hili. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka koloni libaki nje ya vita, akiegemea Mkataba wa Kongo wa 1885 ulioruhusu makoloni ya ukanda huu kutokuwa na upande, na miji ya pwani ilikuwa na makubaliano na jeshi la majini la Uingereza ya kutoshambuliana. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa kijeshi, alitaka kupigana. Kisheria gavana alikuwa juu yake. Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza iliingia bandarini kutangaza kwamba makubaliano yamekwisha, na nahodha wake akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Meli zikapoteza saa nyingi kutafuta mabomu hayo, na muda huo huo Lettow-Vorbeck alikuwa akishusha kombania zake kwa reli kutoka Moshi. Askari wa India walioletwa na Waingereza, waliokaa wiki kadhaa baharini, walitelemshwa usiku kwenye mikoko bila upelelezi wa maana. Walikuwa kama 8,000 dhidi ya watu wapatao 1,000. Waliposhindwa na kuondoka waliacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Simulizi nyingi za Tanga hukaa sana kwenye nyuki waliowavamia askari vichakani. Nyuki walikuwepo, na waliuma pande zote mbili. Wanapendwa na wasimulizi kwa sababu nyuki hawezi kuitwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kosa lilikuwa la watu wenye vyeo, na Clausewitz, ofisa wa jeshi la Prussia, alikwisha kulieleza katika kitabu cha vita ambacho mkewe Marie alikichapisha mwaka 1832, baada ya mumewe kufariki: vitani kila jambo ni jepesi, ila jambo jepesi kuliko yote ni gumu kulitenda. Kupeleka watu watatu mbele wakachungulie mji ni jambo jepesi. Halikufanyika.

Kinachonivuta zaidi ni ule ugomvi wa Wajerumani wenyewe. Schnee alichapisha kitabu chake mwaka 1919, Lettow-Vorbeck akafuata na chake 1920. Katika cha kamanda, gavana ni karani msumbufu anayekwamisha vita. Kamanda mwenyewe amekaidi mamlaka halali, lakini kwa kuwa alishinda Tanga, ukaidi umeandikwa kama ujasiri. Clausewitz, mwanajeshi anayeheshimiwa na wanajeshi, angemkatalia: kwake vita ni chombo cha siasa, na chombo hakimwamuru fundi. Ikiwa bado una shaka juu ya hatari ya kamanda aliyezoea kumruka mkubwa wake wa kiraia, angalia alikokuwa Machi 1920. Alikuwa Ujerumani, upande wa jaribio la mapinduzi la Kapp dhidi ya serikali ya nchi yake.

Tenzi zetu ziliona mambo haya mapema. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga juu ya Wajerumani kuitamalaki Mrima, anasimulia vita vilivyoanzia kwenye suala la mamlaka: mwaka 1888 kampuni ya biashara ya Kijerumani ilikodishiwa forodha za pwani na Sultani wa Zanzibar, kisha ikajifanya serikali. Pale Pangani, mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, aligombana na liwali juu ya bendera. Mwenye mkataba wa kukusanya ushuru alidhani amekabidhiwa utii wa watu pia. Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski huyo huyo, sasa kamanda wa jeshi la koloni, aliongoza msafara mrefu kupita Lugalo, Uhehe, bila walinzi wa kutosha ubavuni, mizinga ikiwa imepakiwa juu ya punda. Wahehe wa Mkwawa walimaliza kazi kwa dakika chache, wakateka bunduki zipatazo 300. Punda mwenye mzinga mgongoni hana faida kwa askari anayeshambuliwa kutoka hatua 30. Alichokosa Zelewski Lugalo ndicho alichokosa Pangani: kuamini kwamba anaowapita wana akili zao.

Jina la Lugalo sasa ni la kambi iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Zamani iliitwa Colito, na ndiko usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliwakamata maofisa wao Waingereza. Madai yalikuwa mawili, yote ya ghalani na masijala: mishahara, na vyeo vya maofisa kushikwa na Waafrika. Siku chache kabla, polisi kama 300 walikuwa wamepelekwa Zanzibar kufuatia mapinduzi ya 12 Januari, hivyo mji ulikuwa na nguvu pungufu ya dola kuliko kawaida. Oscar Kambona, waziri aliyeshughulikia ulinzi, alikwenda kuzungumza nao. Tabora ikafuata, maduka yakavunjwa na watu wakafa. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli HMS Centaur, na maasi ya Colito yakazimwa asubuhi ile ile. Wiki hiyo hiyo majeshi ya Uganda na Kenya nayo yaliasi.

JWTZ iliundwa Septemba 1 mwaka huo, na mwaka 1993 ilichapisha kitabu kuhusu maasi hayo. Majeshi machache yana ujasiri wa kuchapisha aibu ya mtangulizi wao. Kinachofaa kufuatiliwa katika tukio hilo ni siku zile kabla ya risasi: manung'uniko ya mshahara yalipitia kwa nani, yalikaa kwenye meza ya nani, na kwa nini sajini hakuwa na mlango wa kuyafikisha juu ila kwa kuvunja ghala la silaha. Jeshi haliasi ghafla. Linaasi baada ya barua kutojibiwa.

Katiba yetu ina alama za masomo hayo. Ibara ya 147 inapiga marufuku mtu au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi, na inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Ya 148 inahusu madaraka ya Rais kama Amiri Jeshi Mkuu. Ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, lakini Spika lazima aitishe Bunge ndani ya siku 14 tangu tangazo ili lifikirie kuunga mkono au la. Siku 14 ni nyingi vitani. Kule Tanga kila kitu kiliamuliwa kwa siku nne. Hata hivyo swali linaulizwa na mtu asiye na sare, na hilo ndilo Schnee aliloshindwa kulisimamia.

Ambako fasihi yetu ina deni kubwa ni vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Tunayo hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978 iliyotaja uwezo, sababu na nia. Tunacho kitabu cha Baldwin Mzirai cha 1980, na utenzi wa Henry Muhanika wa 1981. Tunazo gwaride na nyimbo. Tunajua daraja la Kyaka lilivunjwa na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Lakini kutoka Dar hadi Mutukula ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na msomaji wa kawaida hana pa kusoma jinsi unga, dizeli na risasi vilivyopita njia hiyo, huku jeshi likipanuliwa kwa wanamgambo wa maelfu. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda miezi 18. Hesabu ya walichokosa iko vichwani mwao tu.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Wanaowahoji wazee hawa kila mwaka huwauliza walijisikiaje walipoingia Kampala. Wawaulize walikula nini siku ya tatu baada ya kuvuka mto, na nani alikipika. Wawaulize dereva alipata wapi dizeli ya kurudi Masaka, mshahara ulimfikia mke kijijini kwa mkono wa nani na baada ya miezi mingapi. Waliopewa amri ambayo haikutekelezeka waulizwe walimwambia nani, kwa redio au kwa mdomo. Wahasibu wastaafu na makarani wa stoo wasisahaulike, maana hao huwa hawaitwi kwenye vipindi vya televisheni, na ndio waliokuwa wanatia saini.