Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu, binti hana hata moja

Hapa Leicester, Uingereza, kikundi chetu cha mabinti hakipewi ufunguo wa ukumbi wa jamii kwa shughuli ya Idi mpaka ujaze fomu ya kutathmini hatari. Na hina imo. Imetengenezwa na nini? Nani anaipaka? Nani anaweza kudhurika, kwa kiwango gani kuanzia 1 hadi 5, na mtafanya nini ili asidhurike? Hina, jamani! Unajaza huku unasonya.

Halafu unafika kwenye "imetengenezwa na nini" na kalamu inasita, maana kuna piko. Piko ni rangi ya nywele, na ndani yake mna PPD, kemikali ambayo hapa hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi kabisa. Hata kwenye nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2, na pakiti inaandikwa kwamba isitumiwe na aliye chini ya miaka 16. Kwetu bi harusi anaamka na malengelenge kufuata ua lilivyochorwa, na mashangazi wanasema kapigwa jicho. Kwa hiyo jibu la fomu ni fupi: hina ya kahawia, unga wa majani, maji na ndimu, piko hapana. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Waingereza hawa. Wanakukera wee, mwisho unakuta wana hoja.

Kikundi cha mabinti hapa si mchezo wa kukusanyana tu. Wamo Wasomali waliohamia na wazazi wao kutoka Uholanzi, Wabarawa wa pwani ya Somalia, Wakongo, Warundi, na wa kwetu wa Tanga na Unguja. Mwongozo ni huu: wa miaka 9 hadi 12, mtu mzima mmoja kwa watoto wanane; wa 13 hadi 18, mmoja kwa kumi; na hata wakija watatu tu, watu wazima wasipungue wawili. Ukiwa na wadogo 16 na wakubwa 9, hao ni watu wazima watatu. Weka wa nne, kwa sababu mtoto mmoja akitokwa na damu puani, mtu mmoja ameshaondoka na hesabu imevunjika. Januari mafua yakiingia kwa walezi wawili, siku hiyo imefutwa. Saa nazo zinafuata jua: Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, na hakuna mama wa Kisomali atakayemwacha binti arudi kwa basi gizani. Kwa hiyo ni Jumamosi, saa saba hadi saa tisa, na siku za kawaida madrasa ina haki yake.

Kila mlezi ana cheti cha DBS, yaani taarifa zake za polisi. Kwa wa kujitolea ni bure, ingawa ofisi inayopeleka maombi inaweza kutoza chake. Hapo ndipo majina yetu matatu yanapotesa watu. Pasipoti inasema Maimuna Juma Ali, benki inasema Maymuna Ali, na ombi linarudi. Dawa yake ni kuandika kila jina alilowahi kutumia kwenye sehemu ya majina mengine tangu mwanzo, hata kama tofauti ni herufi moja. Cheti kikitoka, ana siku 30 za kukiunga kwenye huduma ya kukihuisha kwa intaneti. Akizipitisha, siku nyingine atakapotakiwa kuwa na kipya ataanza upya.

Sasa nawasikia huko nyumbani Tanzania. "Huyu kashakuwa Mzungu. Sisi tulilelewa na mtaa mzima, nani alidai cheti?" Kabla hamjamaliza, nijibuni kitu kimoja. Sanduku la VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, lina kufuli ngapi? Tatu. Funguo zinakaa kwa nani? Kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya kikao, na pesa zinahesabiwa kwa sauti ili kila mtu asikie. Mweka hazina ni mama wa heshima, anaswali, hajawahi kudaiwa, na bado hatumwachii afungue peke yake. Naye haoni kama ametukanwa! Lakini binti wa miaka 12 tunamwacha chumbani na mwalimu wa tuisheni, au kwenye bodaboda ileile kila alfajiri, kwa sababu "anajulikana". Shilingi hatuziachi mkononi mwa mtu mmoja, watoto tunawaacha.

"Wazungu wenyewe ndio wanaoua watoto." Ndiyo, na fomu zao zimetoka huko. Mwaka 2002, mji mdogo wa Soham, mabinti wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari, mtu aliyejulikana na kila mtu. Polisi wa eneo alikoishi kabla walikuwa na tuhuma kadhaa dhidi yake, ila hazikumfuata alipohama. Ripoti ya uchunguzi wa Bichard kuhusu kosa hilo ikatoka 2004, sheria ikaja 2006, ofisi ya DBS ikaanza 2012. Hawakuzaliwa na akili hizi.

Wala msidhani naisujudia karatasi yao. DBS inaona aliyewahi kujulikana kwa polisi wa hapa, basi. Mama aliyeingia mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab au Nyarugusu cheti chake kitakuwa cheupe hata kama huko alikotoka alikuwa balaa. Njia ya kuziba hilo pengo ni wadhamini wawili wasio ndugu zake, mmoja awe amewahi kumwona na watoto, na miezi mitatu ya mwanzo asiachwe peke yake na kundi. Kuna vikundi vya wenyeji vinakusanya vyeti faili zima, halafu mlezi anamrudisha binti nyumbani kwa gari lake, wawili tu. Faili limejaa na binti hana ulinzi. Na visanduku vyao vya asili ya mtu! Binti wa Kibarawa anaulizwa kama ni Mwafrika, Mwarabu au "nyingine", anatia alama "nyingine", na kwenye ripoti ya mfadhili anapotea.

Halafu kuna mambo ambayo hapa hawatufikii. Mama aliyeshika daftari la VICOBA hahitaji kufundishwa kuandika muhtasari, kutoza faini au kusoma hesabu mbele ya watu. Mfuko wa bahati nasibu ya taifa hapa unatoa ruzuku ndogo za pauni 300 hadi 20,000, na wanachodai ni vitu ambavyo mama zetu wanavijua usingizini: katiba, kamati, akaunti ya kikundi. Huko nyumbani mmeshaandika katiba hizo kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake. Zina kifungu cha kuchelewa na kifungu cha simu kuita kikaoni. Cha mtoto hakipo.

Kiongezwe, hakina gharama. Hakuna mtu mzima anayekaa na binti mmoja mlango ukiwa umefungwa, awe kocha, ustadhi au mchungaji. Daftari la mahudhurio liwe na saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la aliyemchukua. Namba ya simu aiandike mzazi mwenyewe, kwa sababu mabinti huandika namba za rafiki zao. Kundi la WhatsApp liwe la wazazi, na mlezi asimtumie binti ujumbe wa pembeni. Malalamiko yapokelewe na mama asiye mwenyekiti wala ndugu wa mwenyekiti. Likitokea la kutokea, ni namba 116, simu ya watoto huko nyumbani, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, siku hiyohiyo, kabla wazee hawajaitana "kuyamaliza kifamilia". Na msidhani hilo limebaki kwetu. Linapanda ndege pamoja nasi. Hapa pia kuna watu watapiga simu usiku kuomba jambo lisifike serikalini, aibu ya jamii.

Watakaokataa kwanza ni wanaume wa kamati, kwamba mnawashuku. Wajibiwe kwamba kanuni inamhusu kila mtu, mwenyekiti akiwamo, kama faini. Wa pili ni mama ambaye kila mara anasema "nitabaki nao mimi tu, nyie nendeni". Huyo ana nia njema na anachosha, maana akikubaliwa leo, kesho atakubaliwa mwingine.

Na mkihesabu watu wazima wawili, hesabuni vizuri. Mfadhili wa hapa anataka kwenye kamati wawe angalau wawili wasio ndugu wala wanandoa, na benki nyingi ni hivyohivyo kwa wanaotia saini. Funguo za sanduku nazo hatuziweki nyumba moja. Kwa mlango wa mabinti iwe vilevile: mume na mkewe wanahesabiwa mmoja, mama na binti yake mkubwa mmoja. Mkiwa na hao tu Jumamosi hiyo, watumieni wazazi ujumbe kabla ya saa nne asubuhi kwamba leo hakuna kikundi.