Pasi na Koili Marufuku

Ploti yetu hapa Nyalenda, Kisumu, stima imo ndani ya kodi, na mwenye ploti amebandika karatasi getini: PASI NA KOILI MARUFUKU. Ati tunammaliza. Kwani anadhani tunaenda kazini mjini na mashati tuliyoyanyoosha kwa maombi? Watu wanapiga pasi, ila wanapiga usiku, mlango umefungwa, redio imepandishwa. Na kwa kuwa ni mambo ya kujificha, kila mtu anazungusha kile kidude cha joto cha pasi hadi mwisho ili amalize upesi. Ukisikia harufu ya plastiki saa nne usiku, ujue kuna blauzi imeenda.

Nazo nguo zenyewe! Nenda soko la Kibuye Jumapili, inua chochote kwenye rundo la mitumba: polista, nailoni, akriliki. Polista ni plastiki ile ile ya chupa ya soda, imevutwa tu ikawa uzi. Inayeyuka karibu na nyuzi joto 250, lakini kabla haijafika huko inakuwa imeshalainika na kung'aa. Wewe unailetea joto la jinzi, kisha unamlaumu shetani.

Lebo haijaficha kitu. Kuna kipicha cha pasi chenye nukta: moja ni kama nyuzi joto 110, mbili kama 150, tatu kama 200. Kikikatwa kwa alama ya X, usiguse, vaa hivyo hivyo. Lakini lebo ndiyo kitu cha kwanza sisi kukata, ati inawasha shingo. Basi ukishaikata, jaribu pasi kwanza kwenye upindo wa ndani, si kifuani!

Halafu kuna wale wanaoanza na jinzi, wakitoka hapo wanarukia shifoni. Pasi haipoi kwa kuamrishwa. Umezungusha kidude chini, sawa, lakini chuma bado kimeshika joto lake. Anza na nguo laini pasi ikiwa vuguvugu, panda polepole, pamba iwe ya mwisho. Hariri uigeuze nje ndani, wala usiinyunyizie maji ya kiganja, matone yanaacha madoa. Suruali nyeusi ya suti ifunike kwa kitambaa. Kanisani kwetu kuna mzee hataki kusikia hilo, na magoti yake yanameremeta hata kabla hajapiga goti. Na kitambaa chenyewe kiwe pamba kweli, maana leso za siku hizi nyingi nazo ni polista, utajikuta umeunganisha mbili.

Jirani wa mlango wa kwanza anajiona mjanja kwa sababu ana pasi ya makaa, ile yenye jogoo mbele. "Hii mwenye ploti hawezi kunishtaki," anasema. Kweli, lakini haina kidude. Ina joto moja tu, nalo ni la jehanamu, na cheche ikichomoka pale tunduni ikaangukia nailoni, unapata shati lenye dirisha. Mama watoto wangu yeye ananicheka tu. Anatundika shifoni yake bafuni, anaweka beseni la maji moto chini, anafunga mlango, mvuke unafanya kazi. Inaniudhi kwa sababu inafaulu.

Sasa shemeji wa mlango wa tatu. Alikuja juzi: "Baba, nisaidie pasi dakika mbili, nina harusi Mamboleo." Ikarudi kesho yake, imefungwa gazeti, na "Mungu akubariki" juu. Kufungua, tumboni mwa pasi kuna satini ya zambarau imeganda tii, pembeni imekuwa nyeusi. Hiyo huwezi kukwangua na kisu, utachubua chuma. Ni kuipasha kidogo tu, kukwangua kwa mwiko wa mti, kisha kuisugua juu ya chumvi. Nimekaa mlangoni na kazi hiyo, mwiko wa ugali mkononi, mama watoto ananiangalia vibaya, nikamwona shemeji anakuja. Nikasema leo ataomba msamaha.

"Baba, pole na kazi," akasema, akainama kuangalia. "Hicho kipande kikitoka kizima usitupe. Fundi anatafuta kiraka cha rangi hiyo hiyo."