Watu wawili kumnyanyua mtu mmoja

Leo asubuhi hapa Leicester, Uingereza, nimechelewa dakika sita kwa bibi ninayemhudumia, nikamkuta mwenzangu kasimama mlangoni na baridi lote lile. Peke yake asingeruhusiwa kumnyanyua. Mpango wa huduma unasema watu wawili, mara nne kwa siku, nusu saa nusu saa. Mmoja anaendesha mashine ya kunyanyulia, mwingine anashika miguu.

Nikamkumbuka dada wetu wa kazi kule Kibosho, Kilimanjaro, anayemhudumia mama.

Ana miaka 19. Desemba nililala chumba cha mama wiki mbili, nikahesabu: usiku anamgeuza mara tatu. Anaweka goti kitandani, anapenyeza mkono chini ya bega, "mama, haya twende," anavuta. Kukicha anapika mtori, anafua, anakatia ng'ombe majani. Mashine ni kiuno chake.

Nikaandika kwenye grupu la familia tugawane: nani amlipe dada wa pili, nani pampasi za wakubwa, nani gari la kwenda hospitali ya KCMC. Kaka yangu akajibu, "Mama si mradi, mangi." Wakacheka wote.

Najua wanavyosema: kaenda Ulaya, sasa anatufundisha kulea. Sijasema huku ni peponi! Uingereza ukiwa na akiba inayozidi pauni 23,250, halmashauri haikuchangii, jilipie (afadhali nyumba unayoishi haihesabiwi ukihudumiwa humo humo). Na ile nusu saa ni ya kuogeshwa, kubadilishwa na kulishwa. Soga hazina fungu. Bibi wa watu, mgeni wake ni mimi. Mama yangu Jumapili baada ya misa baraza linajaa, huyu na maziwa, yule na mkungu wa ndizi. Hilo siliuzi kwa pauni yoyote. Ila katika wageni wote hao, mashemeji wangu wakiwemo, nani kamgeuza mama saa nane usiku?

"Kwani hatutumi?" Tunatuma, mama akilazwa. Hapo laki zinamiminika, na mimi nimo, sijitoi. Mwezi asiougua grupu kimya, kama vile pampasi zinangoja augue.

Jana dada kanipigia. Nilidhani ni mshahara, maana tumeuchelewesha tena. Kumbe anauliza dawa ya kuchua kiuno. Nikamwambia aache kumnyanyua mama peke yake.

"Sasa nimnyanyue na nani, kaka?"