Mzinga, Mtumbwi na Kiingereza cha Puani

Miaka ya mwanzo nilipokuwa nikitembeza wageni ndani ya Fort Jesus, nilisimama na familia moja kutoka Uingereza kando ya mizinga inayotazama bahari, nikaeleza kwa madaha namna ilivyotumika kuulinda mlango wa bandari. Baba wa familia hiyo alinisikiliza kwa adabu, kisha akachungulia nje ya ukuta na kuniuliza mitumbwi yenyewe ilikuwa ikifungwa wapi. Nilikuwa nimetamka «cannon» kana kwamba ni «kanoni», mkazo ukiwa katikati, na masikio yake yakapokea «canoe».

Aibu ile ilinifanya nitafute dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao. Nilijifunza Kiingereza cha puani, kile ambacho vijana hukiita twengi, nikawa ninaikunja «r» na kuzimeza «t» kama waigizaji wa filamu za Marekani. Wageni waliofuata hawakunielewa zaidi ya yule wa kwanza: mtumbwi ulibaki mtumbwi, ila sasa ulikuwa mtumbwi wa Kimarekani. Tangu hapo nimeamini kwamba kuondoa lafudhi ni jambo moja na kueleweka ni jambo jingine, na kwamba wengi wetu hapa Mombasa tunahangaikia lile la kwanza ilhali tunahitaji la pili. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walilionyesha hilo kwa vipimo: msemaji anaweza kuhukumiwa kuwa na lafudhi nzito, na bado msikilizaji akayaandika maneno yake yote bila kukosea.

Kinachotuangusha zaidi, kwa maoni yangu, ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na utaratibu huo umetuzoea kiasi kwamba hatuusikii tena, ilhali Kiingereza huuhamisha kutoka neno hadi neno. Hapo pana mtego ambao sikuwahi kuonyeshwa darasani. Neno la Kiingereza linapoishia kwa konsonanti, ulimi wetu huliongezea irabu, hata ikiwa nyembamba ya kunong'ona. Irabu hiyo ikishaingia, silabi ya pili kutoka mwisho si ile ya awali tena, na mkazo huhama pamoja nayo. Ndivyo «cannon», ambayo mkazo wake uko mwanzoni, ilivyogeuka «kanoni», na ndivyo «luggage» inavyogeuka «lageji». Tunajilaumu kwa ile irabu ya mwisho, ambayo mgeni angeivumilia, kumbe lililomchanganya ni mkazo ulioburutwa nayo. Na anayedhani kwamba Mswahili hana sikio la mambo haya amuulize bibi yeyote wa Mji wa Kale tofauti kati ya barabara inayopitisha magari na kazi iliyofanywa barabara.

Mkazo ukishakaa mahali pake, zinabaki silabi zilizoachwa bila mkazo, na hapa shida ni ya malezi. Sisi tumekulia katika mashairi ya mizani 16 kwa mshororo, ambamo kila silabi ina haki sawa na mwenzake, na mtunzi akipunguza moja wasikilizaji huguna. Kiingereza hakina usawa huo. Silabi zisizo na mkazo hubanwa, na irabu zake hufifia mpaka zisijulikane kama ni «a», «e» au «o». Sauti hiyo iliyofifia haina hata herufi yake, ingawa ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha hiyo. Katika «banana», ni «na» ya katikati peke yake inayotamkwa kikamilifu. Mtu aliyefunzwa kuheshimu mizani huona huo ni ulegevu, nami mpaka leo unanikera kidogo.

Irabu zenyewe nazipita haraka. Sisi tunazo 5, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kinahesabiwa kuwa na takriban 20, kwa hiyo «ship» na «sheep» zitatutesa, hasa kwa kuwa tofauti yao si urefu tu bali pia ni mahali ulimi unapokaa.

Lakini mtu wa Mombasa haanzi mikono mitupu. Sauti za «th» na «dh», zinazowasumbua wanafunzi wengi duniani, tumezinywa pamoja na thelathini na dhahabu. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kina hazina nyingine isiyoandikwa, nayo ni mpumuo, ile pumzi inayofuata konsonanti: paa la nyumba halina mpumuo, paa wa mwituni anao, vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Mpumuo huohuo ndio unaotenganisha «park» na «bark» katika sikio la Mwingereza, nasi tunao nyumbani, ila tukianza kusema Kiingereza tunauacha mlangoni.

Huenda tumezoea kuacha vyetu mlangoni. Ilikuwa hapahapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano wa wawakilishi wa makoloni uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na Kimvita kikabaki cha barazani. Mtoto wetu huandika «macho» na «njoo» katika mtihani, kisha hurudi kwa nyanyake anayesema «mato» na «ndoo», na hajapata kufikiri kwamba nyanyake ana kasoro ya kurekebishwa. Sioni kwa nini tusijihukumu vivyo hivyo kuhusu Kiingereza.

Nilichofanya mimi kilikuwa kidogo. Niliandika maneno ya kazi yangu kwenye karatasi, nikatafuta katika kamusi ile alama ndogo inayotangulia silabi yenye mkazo, nikajirekodi kwa simu na kujisikiliza, jambo lisilopendeza hata kidogo. Katika feri ya Likoni niliyarudia kwa sauti ya chini mpaka abiria wenzangu wakadhani ninasoma uradi.

Sasa mpwa wangu ameitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni, naye alinijia akitaka nimfundishe twengi. Tumekubaliana maneno kumi. «Reception» na «reservation» tumeyaweka kando, kwa sababu, mradi asiyaongezee irabu mwishoni, mkazo wake unaangukia palepale ambapo Kiswahili kingeuweka. Tumeshughulika na «manager», «balcony», «corridor» na «available». Jana aliyasema yote bila kukosea, kisha akauliza, «Na hii r yangu, mjomba?» Nikamwambia hiyo aende nayo.